Kawia wa Kibuyuni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Utatuambia wewe!

Basi sogeeni. Pakawa kibuyu cha maziwa.

Hapo zamani za kale, ndani ya kibuyu hicho waliishi vijidudu wadogo mno, hata ukikodoa macho huwaoni. Kazi yao ilikuwa kugandisha maziwa. Mmoja hawezi, kumi hawawezi. Kwa hiyo kila mmoja alitoa harufu yake, kama kusema, "Nipo." Harufu ikijaa kibuyuni, walijua wametosha, wakamwaga uchachu wao wote kwa pamoja. Maziwa yakaganda, wakala, wakashiba.

Kiongozi wao aliitwa Wahi. Alikuwa na dada, Kawia. Mama yao alijigawa katikati, huku akawa Wahi, huku akawa Kawia, na kwa sura huwatofautishi. Lakini tabia sasa! Wahi akinusa kidogo tu, ameshamwaga. Kawia hunusa, akafikiri, akanusa tena.

Maziwa ya kwanza yakaja. Wote wakamwaga, Kawia bado ananusa.

"Dada, vipi?"

"Nakuja, kaka."

Alipokuja, maziwa yameshaganda.

Maziwa ya pili yakaja. Wote wakamwaga, Kawia bado ananusa.

"Dada, vipi tena?"

"Nakuja, kaka."

Alipokuja, wenzake wameshakula.

Wakamwendea Wahi. "Dada yako anakula jasho letu. Atolewe nje, akakae juani."

Juani angekauka afe, na Wahi alilijua hilo. Alimpenda sana dada yake, ila aibu ilimzidi. Akasema kwa sauti ndogo, "Akichelewa maziwa yajayo, mtoeni."

Sasa mdomoni mwa kibuyu alikaa Ukungu, yule aotaye juu ya chakula kilicholala, mlafi asiyependa uchachu. Alikuwa amejifunza kuiga harufu yao. Maziwa ya tatu yalipomiminwa, vijidudu walikuwa wachache, maana wengi walikwenda na maziwa yaliyonywewa. Ukungu akapuliza, puuu, harufu ikajaa kote.

Wahi akanusa, akamwaga. Wenzake wakamwaga mpaka tone la mwisho. Maziwa hayakuganda. Wakalala chali, hoi, na Ukungu akaanza kushuka taratibu kuyafuata maziwa. Wahi akaona wamekwisha.

Kawia bado ananusa.

"Mbona harufu nyingi hivi," akajiuliza, "na sisi tuko wachache?"

Hakumwaga. Akanywa maziwa, akajigawa, wakawa wawili. Wawili wakawa wanne. Wanne wakawa kijiji kizima. Harufu ya kweli ikapanda, ndipo Kawia na wanawe wakamwaga. Maziwa yakaganda, uchachu ukamkaba Ukungu koo, akatoka mbio asigeuke nyuma.

Wahi aliposhiba kidogo, akatambaa hadi kwa dada yake, machozi yanamtoka.

"Dada, mimi nilikubali utolewe."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa bado nafikiria nikujibu nini, kaka."

Wahi akacheka huku analia, akamkumbatia, asitake kumwachia.

Basi wanangu, mwenzenu akichelewa kuitika, msimfukuze. Hata wa tumbo moja hawasikii sawa. Ipo siku mtadanganywa nyote kwa mara moja, na atakayewaokoa ni yule ambaye alikuwa hajaitika.

Ngano yangu imefika chini ya kibuyu. Ikiwa imeganda vizuri, kunyweni nyote. Ikiwa imebaki maji, nimwagieni mimi.