Chipu Isiyopiga Mluzi

Padogo pako si pakubwa pa mwenzako. Yaani heri kibanda unachokitawala mwenyewe kuliko jumba la mtu unamokaa kwa hisani. Asiyeamini na asikilize habari za mhandisi mmoja aliyeitwa Sisimizi.

Jina hilo alibandikwa kwa dhihaka na watu wa Jabali, kampuni kubwa ambayo chipu zake zilijaa karibu kila simu na kompyuta. Sisimizi na kaka yake walikuwa na karakana ya vyumba vitatu juu ya duka la rangi, wakibuni chipu za vifaa vya kusikilizia vya wazee wenye masikio mazito. Jabali nao wakaivamia biashara hiyo, wakashusha bei, na wateja wa Sisimizi wakapukutika. Kisha wakaja na maneno ya asali: tuuzieni karakana, nanyi tutawaajiri.

Kaka mtu alikwisha kubali moyoni. Maji yametufika shingoni, alisema, na mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Sisimizi alimsihi wamjaribu kwanza mteja mmoja wa mwisho.

Mteja huyo alitengeneza vifaa vya kusikilizia, na kero yake ilikuwa moja: mzee akikumbatiwa, kifaa hupiga mluzi. Jabali walimjibu kwamba chipu yao ina kasi kuliko zote, aichukue ilivyo. Ndiyo, auzaye nguo kwa marobota atamshonea nani shati moja? Sisimizi hakushindana nao kwa kasi. Aliwaendea wazee majumbani mwao, akawakumbatia, akausikiliza mluzi ule hadi akaujua, ndipo akaibuni chipu yake upya.

Siku ya majaribio, mbele ya Sisimizi, kaka yake na mkuu wa Jabali, mteja alimleta mama yake mzazi. Akamvisha kifaa chenye chipu ya Jabali, akamkumbatia. Kikalia kama birika linalochemka. Akamvisha chenye chipu ya Sisimizi, akamkumbatia tena. Kimya.

"Usiniachie kwanza, mwanangu," mama akasema. "Nasikia moyo wako unavyodunda."

Mkataba ulitiwa saini palepale. Sisimizi akatoka kifua mbele, fahari imemjaa tele. Mkuu wa Jabali akamfuata yeye na kaka yake hadi mlangoni, akitaja bei maradufu ya ile ya awali. Sisimizi akafumbua kinywa, lakini kaka yake akamtangulia.

"Hapauzwi, bwana mkubwa. Padogo pako si pakubwa pa mwenzako."