Bunduki Ikosayo Palepale

Bunduki ikosayo palepale haitupwi. Maneno hayo aliyasema Mwalimu Mwanvita, mwalimu mstaafu anayewafundisha mabinti wa kata yake mchezo wa netiboli, siku timu ilipotaka kumwondoa mfungaji wake kwa sababu kila mpira aliourusha uligonga ukingo wa kulia wa goli. Wasichana walicheka, wakauliza bunduki imeingiaje kiwanjani, na ni nani aliyewahi kutaka kuitupa. Mwalimu akaketi juu ya gunia la mipira, akavua viatu vyake, akawaambia kwamba msemo huo una mahali ulipozaliwa, na mahali penyewe si mbali, ni huko Rufiji alikokulia yeye. Shangazi yake ndiye aliyemsimulia, naye aliusimulia hivi.

Zamani za majumbe, miaka michache baada ya Wajerumani na Waingereza kupigana katika mabonde yale, kulikuwa na mhunzi aliyeitwa Ngwele katika kijiji cha Kilimangombo, ukingoni mwa mto. Kazi yake ilikuwa majembe, mashoka na visu vya kuvunia mpunga. Mara mojamoja wawindaji walimletea magobori yao, zile bunduki za kushindilia baruti kwa mdomoni, naye akayatengeneza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akikutengenezea jembe, alilishika kwanza, akalipima mkononi kama mtu anayepima mtoto mchanga, na kama halikumridhisha alilirudisha motoni hata kama mwenyewe ulisema linakutosha.

Mwaka huo mamba mmoja alihamia kwenye kivuko cha kijiji. Alikuwa mkubwa kuliko mtumbwi wa watu wanne, na ncha ya mkia wake ilikuwa imekatika, kwa hiyo watu wakamwita Kibutu. Katika miezi mitatu alichukua mbuzi wasio na idadi, kisha mvuvi mmoja, kisha wanawake wawili. Wa pili kati ya hao wanawake alikuwa Sikudhani, mke wa Ngwele. Alikwenda kuosha mchele asubuhi, na kilichorudi nyumbani ni kikapu tu, kilichobebwa na majirani.

Wawindaji wawili walijaribu kumuua Kibutu kwa magobori. Lakini mamba yule alikuwa na akili. Hakutoka kuota jua ukingoni. Aliota jua kwenye fungu la mchanga katikati ya mto, hatua mia moja kutoka kwenye matete ya ukingoni, na mtu akisogea kwa mtumbwi, mamba alizama. Kwa umbali ule gobori ni kelele tu. Risasi yake ni kama mlevi, ukiituma sokoni huenda msibani. Walipiga, wakakosa, na Kibutu akazidi kuwa mwangalifu. Watu wakaacha kuchota maji mtoni. Wakachimba visima vya matope, watoto wakaanza kuumwa matumbo.

Ngwele hakwenda kwa mganga wala hakwenda kulalamika. Siku arobaini za mkewe zilipokwisha, alikwenda kwa Jumbe Chande, aliyekuwa mkuu wa kijiji, akamwomba ruhusa ya kutengeneza bunduki ambayo risasi yake itakwenda inakotumwa. Jumbe alimuuliza ataipata kwa fedha gani. Ngwele akajibu kwamba hana fedha, ila ana mikono na ana chuma. Jumbe alimhurumia, akampa ruhusa mbele ya wazee, akamwambia kwamba zipo risasi saba tu za bunduki ya kizungu ndani ya sanduku lake, na hakuna nyingine mpaka ng'ambo ya mto.

Basi Ngwele akaanza. Kwa mzee mmoja mkulima alibadilisha majembe mawili na bunduki ya askari iliyookotwa shambani baada ya vita. Kitako chake kilikuwa kimeliwa na mchwa kikaisha, na nje chuma kilikuwa kimekuwa chekundu kwa kutu. Lakini Ngwele alipoutazama mtutu kwa ndani, dhidi ya mwanga, akaona mifuo yake bado inang'aa, ile mifuo inayoizungusha risasi ili isiyumbe njiani. Akauweka chini taratibu. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kufungua mlango wa banda bovu na kukuta ndani pamefagiliwa.

Kitako alikichonga kwa mguu wa kitanda chake mwenyewe, wa mninga mkavu wa miaka ishirini, kwa sababu mti mbichi hujipinda na kuusukuma mtutu. Hapo ndipo watu walipoanza kumshangaa. Alikuwa akiupaka mtutu masizi ya chungu, akiulaza katika mfereji wa mti, akiunyanyua, kisha anatazama masizi yameshika wapi. Pale palipokuwa peusi palikuwa pamegusana, naye alipakwangua kidogo kwa ncha ya kisu. Akapaka tena, akalaza tena. Alifanya hivyo siku kumi na moja, mpaka mti wote ukawa mweusi sawasawa, yaani chuma kikalala ndani ya mti bila kubanwa mahali popote. Waliopita walisema fundi wa watu akili imemruka kwa huzuni.

Mwisho ikabaki sehemu ya kulengea. Fundi wa mjini angeweka kifaa cha kununua. Ngwele alichukua senti moja ya zamani, zile zenye tundu katikati, akaibana wima juu ya mtutu, nyuma karibu na jicho la mpigaji. Mbele, mdomoni mwa mtutu, akasimamisha kijiti cha chuma chembamba kama sindano ya mkeka. Mtu akichungulia katika tundu la senti anakiona kile kijiti, na akikiweka kijiti juu ya kitu anachokitaka, amekwisha kulenga.

Siku ya kujaribu, kijiji kizima kilitoka. Ngwele alichagua kichuguu kikubwa nje ya mashamba, akahesabu hatua mia moja, sawa na umbali wa kutoka matete hadi kwenye fungu la Kibutu. Mjane mmoja, Binti Likwati, alimwazima ungo wake wa kupepetea. Wakauegemeza kwenye kichuguu na kuupaka katikati doa jeupe la unga, upana wa kiganja. Binti Likwati alikuwa mtu wa dungu, yule anayekaa juu ya kibanda cha miti msimu mzima akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Hakuna aliyekuwa na macho kama yake, lakini siku hiyo alikuja kwa ajili ya ungo tu, maana hakuwa na mwingine.

Ngwele alilala kifudifudi, bunduki ameiegemeza juu ya gunia la pumba. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua. Mlio ulikuwa mkali na mwembamba, si kama wa gobori. Msaidizi wa Jumbe akakimbia hadi kwenye ungo, akaugeuza, akapunga mkono kwamba hakuna kitu. Ngwele akapiga ya pili. Hakuna kitu. Akapiga ya tatu, ya nne. Ungo ulikuwa mzima kama ulivyotoka kusukwa. Kwenye ya tano baadhi ya watu walikuwa wameanza kuondoka, na waliobaki walikuwa wakitazama chini, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuuona uso wa Ngwele.

Ngwele mwenyewe alikuwa bado amelala juu ya mchanga. Alifikiri juu ya siku kumi na moja za masizi. Alifikiri kwamba pengine waliosema akili imemruka walisema kweli, na kwamba Kibutu ataendelea kuota jua palepale mpaka azeeke.

Jumbe Chande akamsogelea, akachuchumaa karibu yake. Hakuwa mtu mkatili. Akasema kwa sauti ya chini:

"Fundi, umejitahidi, na Mungu ameona. Lakini risasi tano zimekwenda, na chuma cha kuokota si cha kuaminiwa. Nipe hiyo bunduki niitupe mtoni, kabla haijampasukia mtu usoni."

Ngwele akaitoa. Hakubisha. Jumbe akaichukua, akaanza kutembea nayo kuelekea mtoni.

Wakati huo Binti Likwati alikuwa amekwenda kuchukua ungo wake. Aliuokota, akaukung'uta unga, na alipogeuka kuondoka macho yake yakapita juu ya kichuguu. Akasimama. Upande wa kushoto wa mahali ungo ulipokuwa, kama dhiraa moja hivi, udongo ulikuwa umemeguka upya. Akauweka ungo chini. Akainua mkono wake wa kulia, akaufunika pale palipomeguka, akabaki amesimama hivyo mpaka watu wakamwona na kudhani ameng'atwa na nyoka.

"Fundi," akaita. "Njoo. Na Jumbe naye aje, asifike mtoni."

Wakaja. Hakuondoa mkono wake mpaka walipokuwa wamesimama karibu naye kabisa.

"Umepiga risasi ngapi?" akamuuliza Ngwele.

"Tano."

Akaondoa mkono. Kwenye udongo kulikuwa na matundu, mengine yameingiliana kama mashimo ya siafu. Jumbe akainama akayahesabu kwa ncha ya kidole, polepole, akarudia mara ya pili. Yalikuwa matano. Yote matano yalikuwa yamejificha chini ya kiganja cha mwanamke.

Upepo ulipita kwenye mpunga na watu wakausikia. Ngwele alitazama yale matundu, akaketi chini. Hakuona fahari. Aliona hofu kama ile ya mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali ambapo alidhani yuko peke yake. Kutoka hatua mia moja, chuma kilichookotwa shambani, mguu wa kitanda na senti moja vilikuwa vimekwenda mahali pamoja mara tano, na yeye alikuwa amekubali vitupwe.

"Mimi nakaa dunguni," Binti Likwati akamwambia Jumbe. "Nimewaona watu wengi wakirusha mawe. Anayekosa huku na huku, huyo huna la kumsaidia, kwa maana hata yeye hajui jiwe lake linakwenda wapi. Hii inajua inakokwenda, Jumbe. Haijaambiwa tu vizuri."

Jumbe Chande akaitazama bunduki iliyokuwa mkononi mwake, akaitazama kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe bila kujua. Kisha akamrudishia Ngwele kwa mikono miwili. Halafu akafanya jambo ambalo watu walilisimulia miaka mingi: akavua kofia yake, akaweka kiganja chake juu ya yale matundu, akayafunika. Mzee mwingine akafuata, na mwingine. Wakaenda mmojammoja, wakubwa kwa wadogo, kila mtu akiweka kiganja chake na kukiondoa, bila kelele, kama watu wanaoaga maiti ya mtu mwema.

Ngwele alipopata nguvu ya kusimama, alichukua nyundo yake ndogo. Kwa kuwa risasi zilikwenda kushoto, akaigonga ile senti kuelekea kulia, upana wa punje moja ya mpunga. Basi. Siku kumi na moja za kazi, na kilichokosekana ni punje moja ya mpunga.

Zilibaki risasi mbili. Binti Likwati akaurudisha ungo wake kwenye kichuguu, akaupaka unga tena, akasema ukitoboka atauziba. Ngwele akalala, akapiga. Msaidizi wa Jumbe alikwenda akitembea, hakukimbia tena, akauinua ungo juu ya kichwa chake, na watu wote wakaiona mbingu kupitia tundu lililokuwa katikati ya doa jeupe.

Kesho yake Ngwele aliingia kwenye matete alfajiri na risasi moja. Kibutu alitoka jua lilipopanda, akajivuta juu ya fungu la mchanga, akafumbua kinywa. Ngwele akangoja mpaka alipokifumba. Akachungulia katika senti, akakiweka kile kijiti nyuma kidogo ya jicho, akatoa nusu ya pumzi yake. Baada ya mlio, Kibutu hakuruka wala hakuzama. Alilaza kidevu chake juu ya mchanga, kama mzee aliyesinzia, na hakukiinua tena.

Watu walisubiri hadi adhuhuri ndipo wakathubutu kwenda na mitumbwi. Walipompasua walikuta mambo ndani yake ambayo Mwalimu Mwanvita hakutaka kuyasimulia. Ngwele hakusogea kutazama. Alikwenda kwenye kivuko, mahali mkewe alipokuwa akiosha mchele, akaingia majini hadi magotini, akanawa uso, akasimama pale. Wanawake waliomwona walirudi nyumbani kuchukua mitungi yao. Wakaja wakachota pembeni yake.

Bunduki alimkabidhi Jumbe, akarudi kwenye majembe yake.

Msimu uliofuata, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu alizeeka, kazi ikachukuliwa na kijana aitwaye Mpendu. Watu wakamshtaki barazani. Walisema hajui kazi, kila akivuka mkondo unamchukua na kumtua chini ya kivuko, upande maji yanakoelekea, abiria wanashukia kwenye matope. Wakataka aondolewe.

Jumbe Chande akawauliza anawatua umbali gani chini ya kivuko. Wakajibu, kwenye ule mkuyu.

"Jana?"

"Kwenye mkuyu."

"Na juzi, maji yalipokuwa mengi?"

Wakatazamana. Wakasema, kwenye mkuyu vilevile.

Jumbe akamgeukia Mpendu, akamwambia kuanzia kesho aondokee upande wa juu wa mto, kwa umbali uleule wa kutoka kivukoni hadi kwenye mkuyu. Kisha akawatazama washtaki wake, na watu wanasema alikuwa amekikunja na kukikunjua kiganja chake cha kulia alipokuwa akisema:

"Nendeni nyumbani. Bunduki ikosayo palepale haitupwi."