Mfungwa wa Bendera Mbili

Mmesikia watu wakisema, "Mgeni wa nyumba mbili hulala njaa," nanyi mmeuliza ni nani aliyelala. Methali hii ilianza hivi.

Hapo kale falme mbili, Utiri na Mbwanga, ziliungana chini ya mfalme mmoja. Ugenini, katika mji wa Gandaru, zikafungua ofisi moja ya kuwatazama watu wao. Paa moja, bendera mbili, majiko mawili. Karani wa Utiri aliitwa Shekuwe, na wa Mbwanga aliitwa Mbaruku. Waliheshimiana kupita kiasi. Kumlisha mtu wa mwenzio kulikuwa sawa na kumwambia kwao hakuna chakula.

Siku moja seremala Dafa alifungwa siku ishirini kwa kuvunja kibanda cha mfinyanzi. Gereza la Gandaru halikupika. Mfungwa alilishwa na watu wa kwao. Naye Dafa alizaliwa Utiri, akaoa na kuhamia Mbwanga.

Shekuwe alisoma barua ya gereza: mfungwa ana homa, aletewe chakula. Akawaza, "Huyu sasa ni wa Mbaruku. Nikimpikia nitamvunjia mwenzangu heshima." Akaiweka barua mezani kwa Mbaruku. Kila adhuhuri alimwona Mbaruku akitoka na kapu lililofunikwa, moyo wake ukatulia.

Siku ya kumi na tatu Mbaruku alimuuliza, "Bwana Shekuwe, mtu wako anatoka lini?"

"Mtu wangu yupi?"

"Dafa. Si mzaliwa wa kwenu? Barua yake nilidhani umeniwekea nijue tu."

Shekuwe alicheka. "Acha utani, bwana. Kapu lako la kila siku linakwenda wapi?"

"Kwa mke wangu, amejifungua. Na wewe, ule wali wote unaopika?"

"Nala mwenyewe."

Wakatazamana. Wakaibeba sufuria ya wali pamoja, kwa mara ya kwanza tangu ofisi ifunguliwe, wakaenda karibu mbio.

Askari wa lango aliitazama sufuria, kisha akawatazama wao.

"Ninyi ndio watu wake? Siku ya kwanza nilimpa mkate wangu. Akanicheka: 'Wahurumie wengine, mimi nina serikali mbili.' Kisha nikapelekwa zamu ya mbali. Niliporudi jana, nilikuta anazikwa."

Sufuria ilikuwa bado ya moto. Kila mmoja alikuwa ameshika upande wake, na hakuna aliyethubutu kuitua.

"Mgeni wa nyumba mbili," askari alisema, akilifunga lango, "hulala njaa."