Firigisi ya Jogoo wa Shaweji

“Firigisi hiyo naila mimi!”

“Utaila kwa meno gani, mama?”

“Nitaimung’unya. Wewe mwanangu nyamaza, umekula firigisi za nyumba hii tangu uoe!”

Hapo zamani, ambayo si zamani sana kwa kuwa televisheni ilikuwapo, Shaweji alikaa Muheza na baba yake, mama yake na bibi yake mzaa baba. Siku ya ugomvi huo alikuwa amerudi na jogoo, zawadi yake ya mbio za magunia za madrasa. Katika nyumba ile firigisi ni ya baba. Lakini siku hiyo baba alisema, “Mwenye jogoo ndiye atakayegawa. Ampe aliyemwezesha kukimbia.”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana zamani Shaweji hakukimbia. Akitoka shule, televisheni. Akila, televisheni. Bibi akileta visheti, macho kwenye televisheni, mkono kwenye sahani, mpaka mkono ukose kitu. Akanenepa, pumzi ikawa fupi, na kwenye kombolela akawa wa kwanza kukamatwa. Jioni moja alirudi akilia: “Leo hata hawakunitafuta.”

Wakubwa wakatazamana.

“Mimi,” alisema bibi siku hiyo ya jogoo, “niliificha rimoti kwenye mtungi wa unga. Nikaacha kukaanga visheti. Nikatandika mkeka uani, tukala huko tukipiga hadithi, na huyu mume wangu Shaweji akajua tena ladha ya mchicha.”

“Visheti alizoeshwa na nani?” akauliza baba. “Mimi niliacha mpira! Mtoto aliniambia, ‘Mbona wewe unatazama, baba?’ Nikazima palepale. Fainali, mama! Moja kwa moja, na penalti inawekwa!”

“Na kula mbele ya televisheni alijifunza kwa nani?” akadakia mama. “Mimi nilifunga kanga kiunoni nikacheza naye rede kila jioni, nikikwepa mpira, mtu mzima, majirani wakinicheka. Nilianguka chali mbele ya shemeji!”

“Na nani alikuwa akimwashia televisheni ili apike kwa amani?” akauliza bibi.

Mama akaangua kicheko. Wote wakacheka. Lakini hakuna aliyerudisha mkono alioukingia firigisi.

Shaweji alishika kibakuli chenye firigisi. Akimpa bibi, mama atanyamaza siku nzima. Akimpa mama, baba atajifanya hajali, na kila mtu ataona kwamba anajali. Aliwapenda wote, na hakutaka jogoo wake amlize mtu.

“Niikate?” aliuliza.

“Thubutu!” alisema bibi. “Firigisi ikikatwa si heshima tena, ni kitoweo tu.”

Mara nje likagongwa kopo. “Shaweji! Kombolela! Tunakungoja wewe!”

Akaenda na kibakuli chake, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Nyuma yake watatu wakanyoosha shingo.

“Sitoki mpaka mnisaidie,” aliwaambia wenzake. “Bibi alificha rimoti na kutandika mkeka. Baba alizima mpira wake. Mama alikimbia na mimi mpaka akaanguka. Na haohao watatu ndio walionikalisha mbele ya televisheni. Firigisi ni moja, haikatwi, na inapoa. Je, nani anastahili?”