Walii Aliyepotelea Tambarare

"Mlima huchosha, tambarare hupoteza." Ndivyo Mwalimu Kaisi alivyomwambia Rehema leo, baada ya binti huyo kufeli mtihani aliokuwa akiutangaza kuwa mwepesi, nanyi, wanangu, mmekuja mbio kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hamkujua kwamba aliyeyasema mara ya kwanza ni kaka yangu, tena siku ya ndoa yangu. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Sisi tulizaliwa Usambara, kule ambako shamba limesimama kama ukuta na mtoto hujua kupanda kabla hajajua kukimbia. Baba alipofariki, kaka yangu Singano ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kwa baiskeli za milimani, zile zenye matairi mapana yenye meno na gia nyingi. Alishinda mashindano mara mbili. Aliteremka kwa baiskeli mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza.

Mimi nilipata kazi ya ualimu huku pwani, hapa Kitopeni, nikakutana na Shomari. Singano alipokuja kumwona alikaa siku moja tu. Hakuwa na neno juu ya Shomari. Neno lake lilikuwa juu ya nchi. Alitazama vinamasi, matete na mikoko, akaniambia, "Hidaya, utaishije mahali ambapo jicho halina pa kuegemea?" Akakataa kuniozesha. Yeye ndiye walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, basi miaka miwili ikapita hivyo hivyo. Kisha siku moja akapiga simu. "Nimefikiri," akasema. "Pangeni siku, nitakuja." Sikumuuliza kilichombadilisha. Nilihofia asije akafikiri tena.

Ndoa ikapangwa Ijumaa, baada ya swala ya alasiri. Wiki hiyo mvua ilibomoa daraja, basi likawashusha abiria njia panda, kilomita ishirini kutoka hapa. Singano hakujali. Alishusha baiskeli yake, akafunga begi mgongoni, ndani yake mna kanzu iliyopigwa pasi. Ilikuwa saa moja asubuhi. Mama mmoja muuza chai akamwambia, "Baba, ngoja wenyeji wapite muongozane." Kaka yangu akacheka. Kilomita ishirini, bila kilima hata kimoja! Akamwambia atafika kabla chai ile haijapoa.

Yaliyomkuta njiani alinisimulia mwenyewe, na hata alipokuwa akinisimulia, miaka mingi baadaye, alikuwa bado akisita katikati na kukuna kichwa.

Mwanzo aliruka kama mshale. Kisha njia ikagawanyika mbili, zote sawa. Akashika ya kulia. Ikagawanyika tena. Akashika ya kushoto ili kusawazisha. Mbele majani, nyuma majani, urefu ule ule na rangi ile ile. Akasimama juu ya pedali atazame mbali, akaona majani mengi zaidi. Kwao ukipotea unapanda juu, unatazama chini, unaona paa la msikiti na moshi wa jikoni. Hapa angepanda wapi?

Ndipo akafika kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kati ya mikoko. Akafurahi. Kila mtoto wa milimani anajua kuwa maji huteremka, na yakiteremka mwisho wake ni bahari. Kitopeni iko baharini. Akatupa jani majini, akaona linakoelekea, akalifuata.

Alifuata maji yale muda mrefu, mara akiendesha, mara akiburura baiskeli kwenye tope lililomfika magotini. Mnyororo ukajaa udongo, gia zikagoma, ikabaki moja. Alipovuka kijito aliteleza, simu ikalowa na kuzima. Lakini hakuwa na wasiwasi, maana maji yalikuwa yakienda. Ajabu ni kwamba hori badala ya kupanuka likazidi kuwa jembamba, mpaka likaishia kwenye matete. Bahari ambayo inaishia kwenye matete!

Akaketi, akala kipande cha muhogo. Alipoinua macho, maji yalikuwa yamesimama tuli. Akatupa jani, likakaa pale pale. Akangoja. Baada ya muda jani likaanza kusogea, polepole, kurudi kule kule alikotoka yeye.

"Hidaya," aliniambia, "sikushuku maji. Nilishuku kichwa changu."

Akasema labda amegeuka bila kujijua. Akatafuta jua, likawa utosini, kivuli chake kimejikunja chini ya miguu. Akasoma dua alizozijua. Afuate maji yale au asiyafuate? Kama yalidanganya asubuhi, kwa nini yaseme kweli mchana? Na kama yanasema kweli sasa, basi nusu siku nzima alikuwa akimkimbia dada yake. Hakujua lipi ni baya zaidi. Mwisho akayaacha kabisa, akakata kwenye uwanja mweupe uliokuwa ukimeta kwa mbali kama bahari. Akaendesha kuuelekea, nao ukawa unasogea mbele. Alipotazama chini aliona tairi linakanyaga chumvi kavu.

Hapo ndipo alipomwona Bi Kidawa, mama mtu mzima wa makamo ya mama yetu, ameinama anakwangua chumvi.

"Shikamoo, mama. Bahari iko wapi?"

"Marahaba. Kwani umeipoteza?"

"Nimefuata maji tangu asubuhi. Yalikwenda huku, kisha yakarudi. Mama, maji haya yanakwenda wapi?"

Bi Kidawa akaegemea koleo lake. "Asubuhi yalikuwa yanajaa, yakaenda bara. Sasa yanapwa, yanarudi baharini. Mwanangu, huku ukiyauliza maji njia, yaulize na saa."

Kaka yangu akageuka kutazama alikoliacha hori. Kisha akauliza, "Saa ngapi sasa?"

"Alasiri imekwisha adhiniwa. Unakwenda wapi?"

"Kitopeni. Harusini."

"Ya yule mwalimu wa milimani? Masikini. Jana walikuwa wakisema kaka mtu hatatokea, eti bado roho yake haijataka."

"Mama, kaka mtu ni mimi."

Bi Kidawa akaweka koleo lake chini. Alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaitazama baiskeli nyuma na mbele. "Baiskeli gani hii isiyo na keria? Haya, ikokote. Tazama visigino vyangu, usitazame mbele. Ukitazama mbele utapotea tena."

Huku kijijini, mimi nilikuwa ndani, nimepambwa, nasikiliza dirishani. Wanaume walikuwa mkekani nje. Simu ya kaka haikupatikana. Mzee Mbwana, ami yake Shomari, akasema kwa sauti ambayo alitaka niisikie, "Walii amenuna. Watu wasizidi kuaibika." Shehe akapendekeza aulizwe bibi harusi kama ndoa ipelekwe kwa kadhi, aozeshe yeye badala ya walii. Nikajibu kupitia dirishani, "Kaka amesema atakuja. Namngoja." Nilisema hivyo, lakini wanangu, sikujua kama nimkasirikie au nimlilie. Dakika hii namwona ametukana ukoo mzima. Dakika ya pili namwona amelala chini ya daraja lililobomoka.

Wageni wawili walikuwa wamekwisha vaa viatu, nikasikia watoto wakipiga kelele. Singano aliingia uani akikokota baiskeli, tope mpaka nyusini, chumvi imekauka mabegani, Bi Kidawa mbele yake. Kanzu ilipotolewa begini ilikuwa na rangi ya hori. Aliivaa hivyo hivyo. Alikaa mbele ya Shomari, akamshika mkono, akaniozesha. Nililia mpaka wanja ukanifika shingoni.

Sahani za pilau zilipokwisha tandazwa, Mzee Mbwana alisogea akaketi karibu naye. "Mtu wa milima," akasema, "hapa petu hapana hata kichuguu. Umepotelea wapi?"

Singano akanawa mikono taratibu.

"Mzee," akasema, "kule kwetu njia ikinishinda, najua imenishinda. Mwamba unanizuia, naukubali, nageuka. Leo hakuna kilichonizuia. Kila upande ulifunguka, kila upande ulisema pita, nami nilipita kutwa nzima nikienda mbali na dada yangu. Mlima huchosha, tambarare hupoteza."

Mzee Mbwana akayarudia maneno hayo chini chini, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akasukuma nyama upande wa sahani aliokaa Singano, akamwambia ale.

Wageni walirudi makwao na maneno yale. Wakulima wakayasema, wakwezi wakayasema, na sasa walimu wanawaambia watoto waliodharau kitu kwa kukiona chepesi. Kigumu kitakutoa jasho, lakini utajua uko wapi. Chepesi kinakuachia uende utakako. Mlima huchosha, tambarare hupoteza.