Kambale wa Shangazi Namtuka

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakitandika vitanda na kugombana na majirani kama sisi, palikuwa na mji mmoja huko kusini uliozungukwa na hifadhi. Upande huu msitu, upande ule bwawa la ndege, na nyuma ya vilima, miamba mirefu. Watu wa mjini walikwenda kutembea huko siku za mapumziko, na mbele yao alitangulia askari wa hifadhi, kofia kichwani, filimbi mdomoni.

Siku moja yule askari akaangusha kofia na filimbi yake. Nani akaviokota? Fisi! Akavaa kofia, akapuliza filimbi: pyuuu!

"Jamani!" akawatangazia wanyama wadogo wa msituni. "Binadamu wanazijua hifadhi zetu, sisi wenyewe hatuzijui. Si aibu hiyo? Kuanzia leo mimi ndiye mtembeza wageni."

Akawapeleka bwawani, wakaona ndege, akawarudisha salama. Akawapeleka upande wa pili wa msitu, akawarudisha salama. Wakaanza kumwita Bwana Mtembezi, wengine wakimpa shikamoo kabisa! Ndipo akaanzisha safari za miambani. Huko alipeleka jamaa moja moja, na huko hakurudi mtu.

"Wamepapenda!" alisema kila alipoulizwa. "Wamehamia! Majani mabichi, maji baridi, mwindaji hakuna. Wanawasalimu sana."

Kila mtu akawa anatamani miamba. Kila mtu, isipokuwa Somoe.

Somoe alikuwa pimbi, mfupi, mnene kidogo, mwenye masikio yasiyopitwa na kitu. Shangazi yake Namtuka, aliyemlea tangu mdogo, alikuwa ameondoka na Fisi asubuhi moja, kikapu mkononi, akisema anakwenda kutembea tu. Jioni Fisi akarudi peke yake. Alikwenda tumbo limebonyea, akarudi tumbo limejaa.

"Shangazi yako anakusalimu," akasema, akijichokonoa meno kwa kijiti.

"Amesema nini?"

"Amesema... amesema anakupenda sana."

Mh! Somoe moyo ukamlipuka. Shangazi Namtuka kusema anampenda mtu? Shangazi huyu ninayemjua mimi? Salamu zake siku zote zilikuwa moja tu: "Mwambieni yule mvivu afagie uwanja!"

Tangu siku hiyo Somoe hakumwangalia Fisi usoni tena. Alimwangalia tumbo.

Jirani yake Somoe alikuwa Kanga, ndege mwenye madoadoa na watoto wasiohesabika, ndiyo maana wakamwita Mama Wengi. Vile vifaranga vilikulia mlangoni kwa Somoe, vikimdonoa vidole vya miguu akipika. Basi siku moja Mama Wengi akaja anaruka kwa furaha.

"Somoe wee! Zamu yetu imefika! Keshokutwa tunakwenda miambani, mimi na wanangu wote!"

"Usiende."

"Heee! Kwa nini?"

"Tumbo la yule bwana silielewi."

"Wivu huo!" Mama Wengi akabinua mdomo. "Bwana wa watu anajitolea, wewe unamchunguza tumbo. Ndiyo maana huna wageni."

Somoe aliumia, msione hivi. Lakini aliumia zaidi alipotazama vile vifaranga vikifukuzana uwanjani, chwi chwi chwi, havijui hili wala lile. Angesema nini? Kumshtaki Fisi bila ushahidi ni kuliwa hapo hapo mbele ya baraza.

Akaenda bwawani kwa Korongo, akaomba kambale mmoja mkavu. Korongo akamfunga vizuri kwa majani ya mgomba, Somoe akamning'iniza kwenye ncha ya kijiti, akampelekea Fisi.

"Bwana Mtembezi, nasikia leo unapita miambani. Naomba umfikishie Shangazi zawadi hii. Anaipenda mno."

Fisi akanusa. Mate yakamchuruzika mpaka kidevuni. "Bila shaka, binti yangu! Bila shaka!"

Jioni Somoe akamwita Mama Wengi waketi barazani. Fisi akapita, pyuuu, kofia upande.

"Bwana Mtembezi! Shangazi alipata mzigo wake?"

"Alipata? Alimla kambale mzima mbele yangu! Akalamba vidole, akatafuna mpaka kichwa. Amesema umletee mwingine."

Mama Wengi akaachama. Maana nani pale msituni hakujua? Ukoo wa pimbi samaki kwao ni mwiko. Hawamli, hawampiki, hata chombo kilichotiwa samaki hawakigusi. Kila ukoo pale ulikuwa na mwiko wake na kila jirani aliuheshimu. Fisi peke yake hakuwa na mwiko, anakula chochote, hata kwato, hata kamba ya viatu. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu anaweza kupewa chakula akakikataa.

"Lakini wewe," Mama Wengi akaanza, "pimbi si hawa..."

Somoe akamkanyaga mguu. Kwachu!

"Anasema pimbi si hawashibi!" Somoe akacheka kwa nguvu. Sasa alijua. Shangazi hayupo tena duniani. "Bwana Mtembezi, kama Shangazi amenenepa hivyo, na mimi nataka kuhama. Nitakwenda na Mama Wengi na wanawe."

Fisi karibu aangushe filimbi. Wote kwa mkupuo mmoja!

"Hebu niambie, mlango wa huko ukoje?" Somoe akauliza.

"Mwembamba, katikati ya mawe. Ndani giza kidogo, lakini mbele kuna mwanga. Nyinyi mnatangulia, mimi nabaki nyuma nawalinda."

Aaa! Mwenyeji gani huyo anayebaki nyuma? Tangu lini mgeni akajifungulia mlango wa watu? Somoe akaona wazi kwamba mle gizani kuna mdomo mwingine unaongoja.

Fisi alipoondoka Mama Wengi akamshika Somoe mkono. "Somoe, dada yangu, nisamehe. Tukimbie!"

"Tukikimbia atachukua wengine. Wewe fuata ninachosema, na wanao wakae nyuma yako."

Siku ya safari ikafika. Fisi akaja amechana manyoya. Akawakuta Mama Wengi na vifaranga wamejipanga, na Somoe amesimama kando ya kitanda cha kamba, juu yake mkeka umetandazwa mpaka unaning'inia pande zote.

"Hiki nini?"

"Kitanda cha Shangazi. Yule mama mgongo unamsumbua, analalaje chini huko? Siendi bila hicho. Na sisi wadogo, nani atakibeba? Shika upande mmoja, Bwana Mtembezi, mimi na Mama Wengi tutashika upande wa pili."

Fisi akanuna. Lakini akatazama vifaranga, tumbo likamwambia kubali. Akakubali.

Wakaenda, kitanda kinalia kwichi, kwichi. Walipofika miambani Somoe akaona mlango, ufa mweusi kati ya mawe mawili. Kwenye mti kando yake gome lilikuwa limekwaruzwa kwa kucha ndefu. Na chini, majani makavu ya mgomba, na miiba ya samaki imetafunwa nusu.

"Tumefika!" Fisi akasema. "Haya, wageni mbele."

"Na kitanda?"

"Kiacheni hapo."

"Kitanda cha mtu mzima kiachwe njiani kama kuni? Shangazi atanisema mpaka nizeeke! Ingiza kwanza kitanda, sisi tunafuata. Au basi, turudi tu nyumbani."

"Msirudi! Msirudi!" Fisi akasema haraka. "Nashika."

Nanyi mnajua kitanda kinavyoingizwa kwenye mlango mwembamba. Kinalazwa ubavu, na aliyeshika upande wa mbele huingia kinyumenyume. Fisi akainama, mkeka ukamfunika uso na kofia yake, akaanza kurudi nyuma, makalio ndiyo yanatangulia gizani. Mwilini ananuka matandiko ya pimbi na manyoya ya kanga.

"Sukuma!" Somoe akapiga kelele.

Wakasukuma kwa nguvu zao zote, vifaranga na wao wakisukuma, chwi chwi chwi! Kitanda kikaingia, kikakwama kwenye mawe, kikaziba mlango wote.

Mle ndani alikuwa Chui, mwenzake Fisi wa kugawana nyama. Chui hapendi kukimbizana. Anapenda chakula kimfuate nyumbani. Akaona makalio yanaingia.

"Ngraaa!"

"Yalaaa! Ni mimi! Ni mimi!"

"Wote husema hivyo," Chui akajibu, kinywa kimejaa.

"Mimi Fisi! Achia! Mama weee!"

Mpaka Chui atambue sauti, alikuwa ameshatafuna mengi. Fisi akapenya kwa tundu la nyuma, akakimbia vilimani huku akilia, na tangu siku hiyo mgongo wake umeshuka upande wa nyuma, na akipiga kelele hamjui kama anacheka au anaomboleza. Kofia na filimbi vikabaki pangoni. Hakuna aliyemwita Bwana Mtembezi tena, na safari za miambani zikaishia hapo.

Wenzake Somoe walipofika nyumbani walipiga vigelegele, msitu mzima ukaitika. Mama Wengi akamtafuta Somoe amshukuru, asimwone kwenye ngoma.

Akamkuta nyuma ya nyumba, peke yake, amechukua ufagio wa Shangazi Namtuka. Alikuwa anafagia uwanja, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Basi wanangu, mtu akikuletea salamu za ndugu yako, kwanza muulize ndugu yako kala nini.