Mgeni Rasmi Huongea Mwisho

Bisha! Bisha sasa hivi, usije ukanikatiza katikati nikiwa nimeshanogewa. Nasema palikuwa na benki ya wanyama, kubwa kuliko benki yoyote uliyowahi kupanga foleni, na Sungura alimng'oa meneja wake kwa kumpamba Simba tu. Hakurusha jiwe wala hakumshtaki mtu. Huamini? Safi. Ninyi mliovaa joho mkapigwa picha ndio wagumu kuliko wote. Kaa hapo hapo na ubishi wako, utakuisha wenyewe.

Ukame ulikuwa umeipiga mbuga ya Nkwandi mpaka nyasi zikawa kama waya. Kabla mambo hayajaharibika kabisa, wanyama walipeleka mbegu zao za mtama kwenye pango la mlimani, kila mmoja na gunia lake, ili mvua ikirudi wawe na cha kupanda. Pango hilo ndilo lilikuwa benki. Mlangoni alikaa Ngiri, mwenye meno ya kutisha na akili ya kutosha kufungua na kufunga. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Simba, maana nani angemwambia asiwe? Wajumbe walikuwa Tembo, Twiga na Kobe. Na meneja mkuu, aliyekabidhiwa pango lote na kila kilichomo, alikuwa Fisi.

Ndiyo, Fisi. Usinitolee macho, mimi sikuwepo kwenye usaili.

Basi asubuhi moja mawingu yakajikusanya upande wa mashariki, meusi, mazito, yananuka mvua. Sungura alipoyaona moyo ukamruka. Mvua ya kwanza ndiyo ya kupandia. Ukiikosa hiyo umekosa mwaka mzima, na watoto wake walikuwa wameshaanza kutafuna mlango wa nyumba. Akatoka mbio mpaka benki.

"Kaka Ngiri, nimefuata mbegu zangu."

"Rudi kesho."

"Jana uliniambia kesho. Kesho yenyewe si ndiyo leo?"

"Mtandao unasumbua."

"Mtandao gani, kaka? Hili ni pango!"

"Ndiyo maana unasumbua," alisema Ngiri, akapiga mwayo.

Hapo Fisi akatokea ndani, anachokoa meno kwa kijiti, tumbo limetangulia mbele kama ngoma ya harusi. Mbuga nzima mbavu zilikuwa zinahesabika kwa mbali, ila za meneja zilikuwa zimezama.

"Aah, mteja wetu mpendwa!" alisema Fisi. "Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Mbegu zako ziko mahali salama."

"Na hilo tumbo, Bwana Meneja?"

"Majukumu haya. Hujawahi kuwa na cheo, huwezi kuelewa."

Akacheka kicheko chake kile. Kicheko kilipotoka, kilitoka na harufu ya mbuzi. Sungura akaipokea puani, akaondoka. Nkwandi hakuna mbuzi. Mbuzi wako ng'ambo ya mto, kwa wafugaji. Fisi hali mtama, lakini ng'ambo ya mto mtama unabadilishwa kwa mbuzi, tena mbuzi mnono.

Sungura hakwenda nyumbani. Alimkuta Kobe juu ya jiwe lake, anaota jua.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mjukuu."

"Wewe ni mjumbe wa bodi. Mbegu zetu zipo?"

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Sungura akasubiri. Akagonga gamba kwa kidole.

"Babu, nimekuona ukiingia."

"Sisi tuna utaratibu," sauti ilitoka ndani. "Kila kikao Mwenyekiti ndiye anaanza kusema. Anasema, 'Mimi naona meneja anachapa kazi. Wenzangu mnasemaje?' Nasi tunasema tunaunga mkono hoja."

"Na msipoiunga?"

Kobe akatoa kichwa nusu, akatazama kushoto na kulia. "Nyumbu hakuiunga. Umemwona Nyumbu siku hizi?"

Sungura naye akatazama kushoto na kulia.

"Mimi nina ninachokijua," aliendelea Kobe. "Twiga ana chake, Tembo ana chake. Ila Fisi kila kabla ya kikao anakwenda kwa Simba kumchana manyoya, anamwambia cha kusema. Simba akishasema, tumekwisha. Na kikao cha kupima kazi ya meneja ni kesho. Akipita kesho, anaongezewa muda."

Unaona ilivyokaa? Mvua mlangoni, mbegu zinavuka mto, na kila mwenye neno kalifungia kinywani. Kumwendea Simba na kumwambia "meneja wako mwizi" ilikuwa sawa na kumwambia "mfalme, wewe huna macho". Aliyewahi kujaribu, tumeshamtaja.

Ila Sungura alimjua Simba. Simba hapendi kuambiwa kitu, anapenda kuongezewa ukubwa. Basi Sungura akaenda, akasimama mbali kidogo, umbali wa kukimbia, akaanza kulia.

"Unalia nini mbele yangu?" Simba alinguruma.

"Naona aibu kwa niaba yako, mfalme. Nasikia kesho utaongea wa kwanza."

"Mimi ndiye mwenyekiti. Niongee wa ngapi?"

"Mfalme, umewahi kuona harusi gani mgeni rasmi anaongea wa kwanza? Anaanza shemeji wa kule nyuma ambaye hata kamati haimjui. Wanafuata wadogo wadogo, kila mtu na maneno yake ya ovyo. Mkubwa ametulia, anakunywa maji taratibu. Wote wakishachoka ndipo anasimama, na watu wanaacha hata kutafuna. Wewe wanakutanguliza kama kwaya ya watoto!"

Manyoya ya Simba yakasimama. "Nani amenifanya kwaya?"

"Mimi simtaji mtu."

"Kesho naongea mwisho!" Simba alipiga mguu chini mpaka vumbi likapanda. "Na asiwepo wa kuongea baada yangu!"

"Sasa hapo ndipo nakuona! Ila mgeni rasmi, mfalme, hatikisi kichwa wala hakunji uso kabla ya zamu yake. Uso wake ni jiwe. Halafu anatakiwa mshereheshaji wa kumwita..."

"Utakuwa wewe."

"Mimi? Mdogo hivi?"

"Nimesema wewe!"

Jioni Fisi alikuja na kitana chake kama kawaida. Alipoambiwa habari ya mgeni rasmi alicheka tu. "Mwanzo au mwisho, mfalme, si maneno yale yale? Sema meneja ni mfano wa kuigwa, basi." Akamfundisha mpaka Simba akashika.

Kesho yake bodi ikakaa mbele ya pango, na wanyama wakajaa mpaka kwenye mawe. Sungura alikuja na ua sikioni, na sauti kaitoa sijui wapi.

"Itifaki imezingatiwa! Kabla ya mgeni wetu rasmi, tumsikie Bwana Meneja!"

Fisi akasimama. "Ndugu wajumbe, utendaji wetu umepanda. Mbegu zenu tumezitunza kwa usiri mkubwa, kiasi kwamba hata wenyewe hamzioni."

Wengine walipiga makofi, kwa mazoea.

"Mama Twiga, karibu!" Sungura aliita.

Twiga akashusha shingo, akamwangalia Simba usoni kutafuta pa kuelekea. Simba alikuwa jiwe.

"Naunga mkono..."

"Unaunga mkono nini, mama? Mwenyekiti hajasema kitu."

Twiga akababaika. Akamtazama tena Simba: jiwe. Akawaza, je, kama kachukia? Je, nikimsifu Fisi nikawa Nyumbu wa pili? Mtu asiyejua uongo upi unatakiwa, hubaki na ukweli tu, hana kingine cha kusema.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Ila kuna tundu juu ya pango. Nikichuma majani kule juu naona ndani. Magunia ya nyuma yamelala kama nguo zilizovuliwa."

Fisi akacheka, peke yake.

"Baba Tembo!"

"Kama mama kasema, na mimi niseme," Tembo aliguna. "Juzi niliingia na kuegemea rundo la magunia nijikune mgongo. Nikaanguka nalo! Rundo la mtama linaangukaje na mtu mzima? Nilijiona nimenenepa, kumbe wapi!"

"Mzee Kobe!"

"Mimi natembea polepole, kwa hiyo naona chini," Kobe alisema. "Njia nzima kutoka hapa mpaka kivukoni imedondoka mtama. Na nyayo za mbebaji ziko pale pale, za nyuma ndogo kuliko za mbele."

Kila jicho likashuka kwenye miguu ya Fisi. Fisi akaikalia.

"Mwenyekiti, muda umekwenda!" alipayuka. "Funga kikao!"

"Bwana Meneja, mgeni rasmi haharakishwi," alisema Sungura. "Kaa chini. Na sasa, wakati tuliousubiri wote!"

Simba akasimama. Kichwani alikuwa na maneno ya Fisi tu: mfano wa kuigwa. Akafungua kinywa, akaona wanyama wanavyomwangalia, akakifunga. Mbuga nzima ilikuwa inajua. Akiyatoa yale maneno, atakuwa yeye peke yake asiyejua kinachofanyika kwenye benki yake. Simba anaweza kuitwa mkali, anaweza kuitwa mvivu, lakini wa mwisho kujua? Thubutu!

"Nilijua!" alinguruma, mlima ukatikisika. "Nilijua tangu mwanzo! Nilikuwa nawapima ninyi, nione nani atasema!"

Makofi! Tembo alipiga hata masikio. Sungura alijiuma ulimi asicheke.

Simba akaingia pangoni, akapasua magunia. Ya mbele yalikuwa na mtama. Ya nyuma yalikuwa na majani makavu, na mifupa ya mbuzi juu yake.

"Hali ya soko, mfalme," Fisi alilia. "Soko limetikisika..."

Simba alitaka kumla pale pale. Sungura akamnong'oneza, "Ukimla leo, mashamba atalima nani?" Basi Fisi akavuliwa umeneja, akapewa jembe, Tembo akawekwa nyuma yake. Mvua ilipoanza kupiga alikuwa analima tuta la kwanza, analia, na tumbo linashuka kwa kila jembe. Aliyalima yote, ya wakubwa na ya wadogo.

Basi ukitaka kujua hali ya benki yako, mkubwa afunge mdomo kwanza, wadogo wafungue yao.

Mbona umenyamaza? Ubishi umekwenda wapi? Haya, kwa kuwa umesikiliza vizuri, acha nikwambie na kile nilichokiruka. Mtama uliobaki haukutosha. Kanga na wanawe walipanga foleni mpaka manyoya yakalowa, na walipofika mbele wakaambiwa umekwisha. Wakati wa kugawa alitakiwa mtu wa kuita majina, na Simba alikuwa ameshamzoea Sungura. Jina la kwanza kuitwa, unalijua. Mtama wake uliota vizuri kuliko wa wote. Nilitaka nipite kimya hapo, maana Sungura ni mtu wangu.